Mtoto amekamatwa na sabuni ya butiki: nani anafungwa, nani analipa?



Leo naandika juu ya jambo ambalo kila mtu hapa Mulongwe amekwisha kuliona kwa macho, lakini wachache wanalijua kwa upande wa sheria. Mtoto anaingia butikini, anachukua kitu bila kulipa, anakamatwa. Dakika tano haziishi, watu wamejaa, na kila mmoja amekuwa juji. Utasikia sauti tatu. Ya kwanza: "Alipe mara kumi!" Ya pili: "Hapana, mufunge baba yake, yeye njo alimulea vibaya." Ya tatu inatoka mara nyingi kwa ndugu wa mtoto: "Mumuache, angali mutoto, sheria haimuguse."

Nimesoma sheria, na naweza kuwaambia mapema kwamba hakuna hata moja kati ya hizo tatu iliyo sawa. Ya tatu inakaribia ukweli, lakini inaishia nusu ya njia. Nawaandikia ninyi kwa sababu ninajua namna katiye zetu zinavyokwenda: mwenye diplome ndiye anaitwa. Hata kama ulisoma agronomia au hesabu, siku ikitokea watagonga kwako saa mbili usiku. "Yaya, wewe ulisoma, tusindikize kwa polisi." Na hapo hutakuwa na muda wa kufungua kitabu.

Kitendo chenyewe kwanza. Kode penali yetu, ambayo asili yake ni dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, inasema katika kifungu cha 79 kwamba anayechukua kwa hila kitu kisicho chake ana kosa la wizi. Haisemi kitu cha bei gani. Sabuni moja, biskuti, kadi ya mauniti, simu ya dola mia mbili, jina ni lile lile. Kifungu cha 80 kinaweka adhabu ya wizi usio na nguvu wala vitisho: kifungo cha mwezi mmoja mpaka miaka mitano, na amande, au moja tu ya hizo mbili. Kama mwizi amevunja mlango, ametumia funguo za bandia, au ameingia usiku ndani ya nyumba inayokaliwa, inaweza kupanda hadi miaka kumi.

Lakini hizo ni hesabu za mtu mzima. Kwa mtoto tunafungua kitabu kingine: Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inayohusu kumlinda mtoto. Kabla yake tulikuwa tunatumia dekreti ya tarehe 6 Desemba 1950 juu ya watoto wakosefu, ambayo mpaka wake ulikuwa miaka 16. Ndiyo maana mpaka leo unaweza kumsikia mzee, au hata polisi wa zamani, akisema kijana wa miaka 17 "ni mukubwa, aende gereza." Alikuwa mkubwa kwa sheria ya zamani. Tangu 2009 si mkubwa tena. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, nayo inasema mtoto ni mtu ambaye hajatimiza miaka 18.

Ndani ya miaka hiyo 18 kuna mlango mwingine, wa miaka 14. Kifungu cha 95 cha sheria ya 2009 kinasema mtoto wa chini ya miaka 14 hana jukumu la jinai kabisa, na dhana hiyo haipinduliwi. Maana yake nini? Hata akikiri mwenyewe, hata kama watu ishirini walimuona, hata kama kamera ya alimantasio ilimpiga picha na biskuti mkononi, juji hawezi kusema "huyu ana akili ya kikubwa, tumhukumu." Analazimika kumwachilia. Anamkabidhi kwa mfanyakazi wa jamii, yule tunayemwita asistanti sosiali, au kwa mtaalamu wa saikolojia, ili wamfuatilie. Lakini sheria ile ile inaongeza neno ambalo ndugu wa mtoto hawapendi kulisikia: kuachiliwa huku hakufuti malipo ya hasara ya mwenye mali. Hapo ndipo sauti ya tatu inaanguka. Sheria haimgusi mtoto kwa adhabu, lakini inaigusa nyumba yake kwa deni.

Kuanzia miaka 14 mpaka kabla ya 18, anaitwa mtoto aliye katika mgogoro na sheria. Huyu anaweza kufikishwa mbele ya juji, lakini juji wa watoto, katika tribinali ya watoto, ambayo sheria inataka iwepo katika kila mji na kila teritwari. Na juji huyo hana ile mizani ya mwezi mmoja mpaka miaka mitano mbele yake. Nitarudi kwake.

Kinachohesabiwa ni umri wa siku ya tendo, si wa siku ya kufikishwa mbele ya juji. Aliyechukua sabuni akiwa na miaka 17 na miezi kumi, faili likachelewa mpaka akapita 18, bado ni wa juji wa watoto. Na kama umri wenyewe haujulikani vizuri, shaka inamwendea mtoto: anahesabiwa kuwa mtoto.

Hapa kwetu hilo la umri si jambo dogo. Mnakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika ukaingia ndani ya katiye. Watu walikufa, maelfu ya nyumba zilibomoka. Aliyekuwa na karatasi ya kuzaliwa ya mtoto ndani ya sanduku, sanduku lilienda na maji. Wengine wamekimbia vita kutoka milimani au kutoka tambarare ya Ruzizi, hawakubeba karatasi yoyote. Na wengi, tuseme ukweli, hawakuwahi kuandikisha mtoto hata siku moja, ijapokuwa kuandikisha ndani ya siku 90 za kwanza ni bure. Basi polisi anamtazama kijana mrefu, mwenye ndevu tatu kidevuni, anaandika kwenye PV: miaka 19. Mama anasema 16. Neno la nani litapita? Kwa sheria, shaka ni ya mtoto. Kwa mazoea, anayepiga meza ndiye anapita. Kwa hiyo ukiitwa, kabla ya kusema lolote kuhusu wizi, tafuta alama yoyote ya umri: karatasi ya ubatizo, kadi ya chanjo, buletini ya shule yenye tarehe ya kuzaliwa. Hizo hazina nguvu ya karatasi ya sivile, lakini zinatosha kufanya shaka iwepo, na shaka ndiyo unayoihitaji. Karatasi ya kweli inaweza kutafutwa baadaye, kwa hukumu ya tribinali inayoshika nafasi ya karatasi ya kuzaliwa.

Sasa turudi butikini.

Mwenye mali ana haki gani pale pale? Ana haki ya kumshika mtu aliyemfumania na kumpeleka mara moja kwa mamlaka iliyo karibu. Mara moja. Hana ruhusa ya kumfungia ndani ya depo mpaka wazazi walete franka. Hana ruhusa ya kumvua nguo, kumfunga kamba, kumvalisha katoni ya alichoiba shingoni na kumtembeza barabarani. Kupiga na kujeruhi ni kosa linalojitegemea, na halifutwi na wizi uliotangulia. Wapo wenye butiki walioanza siku wakiwa walalamikaji wakaimaliza wakiwa washitakiwa, kwa sababu ya kofi moja lililovunja sikio la mtoto. Na kundi la watu likishaanza na mawe, mnajua linavyoishia. Mtoto aliyechukua kitu cha franka elfu mbili anaweza kupoteza uhai kwa nusu saa. Kama uko hapo, kazi yako ya kwanza ni kumtoa katikati ya watu, mumpeleke kwa shefu wa katiye au kwa polisi, hata kama hao nao wana matatizo yao. Mambo ya vifungu yanafuata nyuma.

Matatizo ya polisi nayo tuyaseme. Mwaka mmoja jirani yangu, mama anayeuza ndagala, alinijia akilia. Mtoto wake wa miaka 13 alikuwa amechukua mawe mawili ya tochi na pakiti ya biskuti katika butiki moja, akakimbia. Mwenye butiki alimjua, akaenda kushitaki. Polisi walipofika nyumbani hawakumkuta mtoto. Wakamchukua kaka yake wa miaka 21, aliyekuwa anafua nguo zake uani. Tulipofika kwenye ofisi hiyo, ambayo sitaitaja, kaka alikuwa ndani ya kasho tangu asubuhi, viatu na mshipi vimewekwa pembeni.

"Afande, tumekuja kwa ajili ya huyu kijana," nikasema.

"Wewe ni avoka?"

"Hapana, Afande. Mimi ni jirani tu."

"Basi jirani, mwambie Mama alete mutoto, ao alete dola hamsini. Bila hiyo, huyu atalala hapa."

Nikamuuliza kwa heshima huyu kijana anashitakiwa kwa kosa gani, ili tujue la kumjibu mwenye butiki. Akanitazama. Akasema, "Yeye ni ndugu ya mwizi." Nikamwomba aliandike hivyo hivyo kwenye PV, kosa: kuwa ndugu. Akanyamaza. Kulikuwa na mkubwa wake kwenye chumba cha pili aliyekuwa anasikia. Akatoka, akauliza umri wa mtoto, akaomba kuona buletini ya shule. Jioni kaka akatoka. Hatukulipa zile hamsini. Mwenye butiki alilipwa bei ya mawe na ya biskuti, mbele yetu, na karatasi ikaandikwa.

Sisemi kwamba mambo yanakwenda hivi kila mara. Siku nyingine yule mkubwa hatakuwepo. Lakini kifungu kilichotusaidia mnapaswa kukijua kwa kichwa: Katiba, kifungu cha 17, jukumu la jinai ni la mtu binafsi, hakuna anayeshitakiwa, kukamatwa wala kufungwa kwa tendo la mwingine. Baba hafungwi kwa wizi wa mtoto. Mama hafungwi. Kaka, shangazi, bibi, hakuna. Hapo sauti ya pili inaanguka, na inaanguka vibaya, kwa sababu ndiyo inayowaingizia watu fulani pesa nyingi zaidi.

Kifungu kinachofuata, cha 18, kinasema anayekamatwa aambiwe papo hapo sababu ya kukamatwa kwake, kwa lugha anayoielewa. Ana haki ya kuwasiliana mara moja na familia au avoka wake. Na kukaa mikononi mwa polisi kusizidi saa 48. Kwa mtoto sheria ya 2009 inakaza zaidi. OPJ akipokea jambo la mtoto anapaswa kuwajulisha mara moja wazazi au walezi, na parke, na juji wa watoto. Mkataba wa kimataifa wa haki za mtoto, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990, unasema katika kifungu cha 37 kwamba kumfunga mtoto ni njia ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na kwamba awekwe mbali na watu wazima. Kasho zetu ni chumba kimoja, mnazijua. Kwa hiyo kila saa ambayo mtoto yuko mle pamoja na wakubwa, ni saa nje ya sheria. Mwambieni OPJ hivyo kwa upole. Kwa ukali hamtapata kitu.

Na mtoto asisainishwe PV peke yake, bila mzazi wala mtu wa kumtetea. Nimeona mtoto amesaini karatasi ya Kifaransa asiyoweza kuisoma, akikubali vitu vitano wakati alichukua kimoja.

Tufike kwenye pesa, maana hapo ndipo familia zinaumia.

Kode sivile yetu, kitabu cha tatu, ni ya zamani kuliko babu zetu: dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Kifungu cha 258 kinasema aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake atairekebisha. Kifungu cha 260 kinapanua: wazazi wanajibu hasara iliyoletwa na watoto wao wanaokaa pamoja nao. Mwalimu anajibu kwa mwanafunzi katika muda ambao yuko chini ya uangalizi wake, na fundi kwa mwanagenzi wake. Wanaweza kujinasua wakithibitisha kwamba hawakuwa na namna ya kuzuia tendo hilo, lakini kazi ya kuthibitisha iko juu yao.

Angalieni vizuri neno lenyewe: hasara. Siyo adhabu. Kama sabuni ni franka elfu tatu na imerudishwa ikiwa nzima, hasara ya mali ni sifuri. Kama ilifunguliwa, ni bei ya sabuni. Kama mtoto alivunja kioo cha kabati akikimbia, ongeza kioo. Kama mwenye butiki alifunga siku nzima kwa kufuatilia, anaweza kudai siku hiyo, akionyesha kwamba kweli aliipoteza. Zaidi ya hapo, juji peke yake ndiye anayepima. "Mara kumi" haimo kwenye kitabu chochote. Ni bei ya hasira, na mara nyingine ni bei ya biashara, maana wapo waliogundua kwamba mtoto mmoja aliyekamatwa analipa kuliko wateja thelathini.

Vivyo hivyo "amande". Neno hili tunalitumia ovyo. Kwa shefu wa katiye ni amande, kwa mwenye butiki ni amande, kwa polisi ni amande. Amande ya kweli ni adhabu ya jinai. Inaingia kwenye kasa ya leta na inakuwa na karatasi ya mapokezi. Mwenye butiki hana uwezo wa kutoza amande, kama vile mimi sina uwezo wa kutoza kodi. Na mtoto wa miaka 13, ambaye hana jukumu la jinai, amande yake inatoka wapi? Ukiombwa pesa, uliza swali moja: "Hii ni hasara ya nani, na karatasi yake iko wapi?" Kama jibu ni butiki, lipa butiki, mbele ya mashahidi, mwandike kiasi, kitu kilichoharibika, tarehe, na kwamba mlalamikaji ameridhika, pande mbili zitie sahihi. Kama jibu ni "ya ofisi", omba karatasi ya mapokezi. Mara nyingi bei inashuka yenyewe.

Hapa niseme neno kwa ajili ya wenye butiki, kwa sababu sisi wasomi tuna tabia ya kumuona mtoto tu. Butiki nyingi za Mulongwe zinaendeshwa na mama au kijana mwenye mtaji wa dola mia, nusu yake imetoka kwenye likelemba. Bidhaa zinapita Kavimvira na kodi juu ya kodi. Akipoteza pakiti tatu kwa wiki, faida ya wiki imeenda. Akimpeleka mtoto kwa polisi, naye anaombwa pesa ya "kufungua faili". Ndiyo sababu anachagua fimbo: inaonekana ya bei rahisi. Kumwambia "sheria inakataza" bila kumwonyesha njia ya kulipwa hasara yake ni kumtukana. Njia hiyo ipo, na mara nyingi inaishia kwa wazazi kulipa bei halisi siku hiyo hiyo. Na kama mtoto hakuanzisha mwenyewe, kama kuna mkubwa anayewatuma watoto au anayenunua vitu vyao kwa bei ya bure huku akijua vimetoka wapi, mwenye butiki ana haki ya kumfuata huyo. Kupokea mali ya wizi ni kosa la kode penali, mtu mzima anajibu kwa kifungo. Kwa maoni yangu hapo ndipo nguvu ya polisi ingepaswa kwenda, lakini mnunuzi wa mali ya wizi huwa na rafiki, mtoto hana.

Basi faili likifika kweli kwa juji wa watoto, kunatokea nini? Kikao kinafanyika milango imefungwa, watu wa katiye hawaingii kushangaa. Mtoto ana haki ya avoka, ya kuwa na wazazi pembeni, na ya kuhesabiwa kuwa hana kosa mpaka ithibitishwe. Kwa makosa madogo sheria imeweka njia ya upatanisho: juji analituma jambo kwenye kamati inayokalisha familia ya mtoto na mwenye mali, wakubaliane namna ya kurekebisha. Wizi wa butiki wa mara ya kwanza, bila nguvu, ndio mfano wa jambo la namna hiyo. Msilichanganye na yale "mapatano" ya kwenye veranda ya polisi. Huku kuna maandishi, na juji anajua.

Kama halikuisha kwa upatanisho, juji anachagua kati ya hatua, na ya kwanza katika orodha ni kumkaripia mtoto na kumrudisha kwa wazazi, akiwaagiza wamwangalie vizuri zaidi. Nyingine ni kumkabidhi kwa mume na mke wenye tabia njema, au kwa shirika lililokubaliwa linaloshughulikia watoto, au kituo cha matibabu kama ana shida ya kiafya, au kituo cha leta cha malezi. Kwa mtoto aliyechukua sabuni, mwenye wazazi na shule, ile ya kwanza ndiyo inayotegemewa. Gereza la wakubwa halimo kwenye orodha hiyo.

Kuna jambo moja linalonikera, na wahusika wake ni sisi wenyewe, siyo wazee. Mtoto anakamatwa, simu tano zinatoka mifukoni. Dakika kumi baadaye picha iko kwenye kila grupu ya WhatsApp ya Uvira: uso, machozi, jina la baba, avenyi. Sheria ya 2009 inakataza kutangaza picha au maandishi yanayomtambulisha mtoto aliye katika mambo hayo. Juji atamkaripia na kumrudisha nyumbani wiki moja. Ile picha itamsubiri siku anatafuta kazi, siku anataka kuoa. Anayepiga na anayesambaza wote wanaweza kujibu, na mara nyingi wana diplome.

Kwa kuwa wengi wenu mnavuka mpaka au mna ndugu nje, haya yanabadilika ukibadilisha nchi. Bujumbura iko karibu sana, na watoto wetu wanasoma na kuuza huko. Kode penali ya Burundi, tangu 2009, imeweka mlango wa jukumu la jinai kwenye miaka 15. Kwa hiyo wa miaka 14 anaweza kuitwa mbele ya juji Uvira, ilhali ng'ambo ya Gatumba hana jukumu. Kenya, kwa sheria yake ya watoto ya 2022, mlango ni miaka 12. Uganda pia ni 12. Marekani, ambako familia nyingi za kutoka Fizi, Uvira na milimani zimepelekwa kama wakimbizi, kuna jambo linalowashtua wazazi: baada ya mtoto kukamatwa dukani, inafika barua ya avoka wa duka ikidai pesa, hata kama bidhaa ilirudishwa. Majimbo mengi yana sheria zinazoruhusu duka kudai kiasi fulani kwa mzazi, nje ya kesi ya jinai. Barua hiyo ni dai, siyo hukumu, na inafaa kuonyeshwa kwa mwanasheria kabla ya kulipwa. Kuhusu karatasi za ukaazi, uamuzi wa mahakama ya watoto kule hauhesabiwi kuwa hukumu ya jinai katika mambo ya uhamiaji. Akishitakiwa kama mtu mzima, hesabu ni nyingine kabisa.

Limebaki swali ninaloulizwa na wanafunzi wanaotafuta kazi: je, hii itatoka siku nitakapoomba karatasi ya kasie judisieri? Karatasi hiyo inaonyesha hukumu za jinai. Karipio la juji wa watoto, kukabidhiwa kwa familia, upatanisho, hizo ni hatua za kumlinda na kumlea mtoto, siyo hukumu ya kifungo wala amande. Aliyekaripiwa akiwa na miaka 15 hajawahi kuhukumiwa kwa wizi, na hana haja ya kujiandika hivyo kwenye fomu yoyote. Ila ulinzi huo unaisha usiku wa kuamkia siku ya kuzaliwa. Asubuhi ya miaka 18, sabuni ile ile, butiki ile ile, anafunguliwa kifungu cha 80.